Namna ya kupima kama matembezi ya mazingira yamewafunza wanafunzi: mfano wa Bukavu, mashariki mwa Kongo

Ukirudi na wanafunzi kutoka ziwani ukawauliza "Mmependa?", wote watapiga kelele "Ndiyo!" Jibu hilo halina kazi. Mtoto aliyetolewa darasani asubuhi nzima atapenda hata akipelekwa sokoni.

1. Andika lengo linaloonekana. "Kupenda mazingira" huwezi kulipima. Andika hivi: mwanafunzi aonyeshe njia ya chupa ya plastiki kutoka mlangoni kwao, kwenye mfereji, kijito, Ziwa Kivu, hadi mto Ruzizi unaotoka ziwani humo, ambako taka hurundikana kwenye bwawa na kusumbua mitambo ya umeme.

2. Wachoreshe kabla ya kutoka. Agizo liwe moja tu: "Chora chupa iliyotupwa kwenu inakokwenda mvua ikinyesha." Usisaidie, usisahihishe. Badala ya jina, kila mmoja aweke alama yake ya siri, atakayoitumia tena. Nyuma ya karatasi andika tarehe. Wengi huchora nyumba na ziwa tu, katikati hakuna kitu. Pengo hilo ndilo somo lako. Toa pointi moja kwa kila kituo: nyumba, mfereji, kijito, ziwa, Ruzizi.

3. Njiani, mwenzako ashike daftari. Aandike maswali ya watoto neno kwa neno, na muda ambao mwalimu amesema peke yake. (Sisi walimu tunasema sana. Daftari litakuonyesha.)

4. Rudia mchoro baada ya wiki tatu au nne. Kesho yake ni mapema mno, utapima kumbukumbu ya safari tu. Agizo liwe lilelile. Kisha changanya karatasi za kabla na za baada, umpe mwalimu ambaye hakwenda azisahihishe bila kutazama tarehe iliyo nyuma. Ukisahihisha mwenyewe utajipendelea, hata bila kukusudia.

Kama shule ina darasa jingine la ngazi hiyo, nalo lichore siku zilezile kabla ya zamu yake ya kutoka. Watoto husikia habari za taka redioni na nyumbani pia. Pointi za darasa hilo zikipanda sawa na za lako, usiyasifu matembezi.

Kuhusu tabia, usiulize "Unatupa taka ovyo?" Hesabu chupa na mifuko iliyobaki uwanjani baada ya mapumziko, kabla ya safari na wiki kadhaa baadaye.

5. Badilisha jambo moja tu. Kijito kikikosekana kwenye michoro, usiongeze hotuba. Anzieni safari kwenye mfereji wa Kadutu, mtaa wa mlimani hapo Bukavu, mteremke kwa miguu hadi ziwani badala ya kupanda gari. Kikundi kinachofuata pia kitoke wakati wa mvua kama cha kwanza: kiangazi, Juni hadi Agosti, taka nyingi hubaki mferejini, na mtoto hawezi kuona maji yakizibeba.