Injini ya boti haiinuki? Funga rilei mbili hivi

Upepo ukisukuma gugumaji hadi ufuo wa Dunga, Kisumu, injini isiyoinuka imekufunga pwani. Propela inajiviringisha majani, nawe uko majini hadi kifuani ukiyakata kwa kisu. Ndiyo maana waya za kuinulia injini nazifunga kwa makini kuliko hata za taa.

Somo hili ni la mota ya waya mbili, buluu na kijani, inayoendesha pampu ya mafuta ya kuinulia injini, kwa betri ya volti 12. Buluu ikipata chanya na kijani hasi, injini hupanda, ukizigeuza, hushuka. Mota hiyo hula ampea nyingi mno kwa swichi ndogo ya usukani, kwa hiyo swichi iamshe rilei tu (swichi kubwa inayowashwa kwa umeme mdogo), mzigo ubebwe na rilei.

Nunua rilei mbili za miguu mitano zilizoandikwa 40/30A, zile zile za magari. Zenye miguu minne ziache dukani.

1. Tegemeza injini kwa gogo imara, kisha ondoa waya hasi wa betri. Usipitishe mkono chini ya injini iliyoshikiliwa na pampu pekee.

2. Mguu wenye namba 30 wa rilei ya kwanza uunge na waya wa buluu wa mota. Wa rilei ya pili, na wa kijani.

3. Miguu yote miwili ya 87 iende chanya ya betri. Fyuzi ikae karibu na betri.

4. Miguu yote miwili ya 87a iende hasi, kwa waya mnene kama ule wa chanya.

5. Miguu ya 85 iende hasi. 86 ya kwanza ipokee waya wa swichi ya kupandisha, ya pili wa kushusha. Hapa waya mwembamba watosha.

Hatua ya nne ndiyo inayowaangusha wengi. Niliwahi kuletewa boti ambayo rilei zililia "tak, tak" vizuri kabisa, lakini pampu kimya. Nilipofungua soketi, 87a zote zilikuwa tupu. Umeme uliingia kwenye mota ukakosa pa kutokea, maana rilei iliyolala ndiyo njia yake ya kurudi. Ile 30 katika 40/30A ni ampea ambazo mguu wa 87a unaweza kubeba.

Rilei hutoa cheche. Zifunge juu, pakavu, mbali na tangi la petroli.

Maswali ya wanachama

*Nikibonyeza kupanda, inashuka.*
Badilishana buluu na kijani kwenye miguu ya 30. Swichi usiiguse.

*Mwanangu akibonyeza pande zote mbili pamoja, kitaungua kitu?*
Hapana. Ncha zote mbili za mota zitapata chanya, nayo itasimama.

*Yangu ni injini kuukuu, mota ina waya tatu: buluu, kijani na nyeusi.*
Hiyo ni aina nyingine. Nyeusi iende hasi moja kwa moja, na 87a uziache tupu, uzifunike kwa utepe.

*Naiacha juu jioni Usoma, asubuhi naikuta imeshuka. Nibadilishe rilei?*
Usitupe pesa, kaka. Hilo ni la mafuta. Kaza kwanza skrubu ya kuifungulia kwa mkono, iliyo ubavuni mwa bano la injini. Ikiendelea kushuka, sili au vali za pampu zinavujisha.