Kabla hujakubali upasuaji wa uvimbe wa mfuko wa chakula kwa roboti, uliza utaachiwa nini

Watu wakisikia roboti wanauliza bei, halafu wanauliza kama inapasua yenyewe. Haipasui yenyewe. Daktari anakaa pembeni kwenye mashine, anaangalia picha iliyokuzwa, mikono yake ndo inaongoza vyuma vyembamba vilivyopitishwa kwenye matundu madogo, na vile vyuma vinajikunja kama kifundo cha mkono wala havitetemeki. Roboti moja ya hivyo, Da Vinci, iliruhusiwa Marekani tangu 2000, na Japani bima ya taifa inailipia kwa saratani ya tumbo tangu 2018.

Mi naona swali kubwa ni hili: mtaniachia nini?

Mama yangu mdogo alitolewa sehemu ya chini ya mfuko wa chakula, kwa kisu cha kawaida, na sisi ndugu tulisaini fomu pale koridoni bila kuuliza hata kitu kimoja. Aliporudi nyumbani akinywa chai ya sukari na maandazi mawili, dakika ishirini hazifiki jasho linamtoka, moyo unaenda mbio, anajilaza kwenye mkeka. Tukadhani presha. Kumbe ule mlango wa chini wa mfuko, pailorasi, ndo unaoachia chakula kishuke kidogo kidogo kwenye utumbo, ukitolewa chakula kinaporomoka kwa pamoja.

Kwa hiyo we anza na majibu ya kipimo cha kamera, kinyama kilichokatwa kupimwa na siti skani. Uvimbe uko wapi, umezama kiasi gani, na kutoka kwenye pailorasi ni sentimita ngapi? Ukiwa ni saratani changa, iko katikati ya mfuko, haijafika kwenye tezi za limfu za jirani na iko kama sentimita 4 au zaidi kutoka mlangoni, uliza kama mlango unaweza kubaki. Wajapani walianza kuuacha miaka ya 1960 kwa wagonjwa wa vidonda, baadaye ndo wakapeleka kwenye saratani. Ikiwa ni uvimbe wa aina ya GIST, ule unaoota ndani ya ukuta wa mfuko, huo kwa kawaida hausambai kwenye tezi, mara nyingi inatosha kukata kipande chenye uvimbe na kushona.

Uliza pia kuhusu vegasi, neva inayotoka kwenye ubongo mpaka tumboni, hasa tawi linaloenda kwenye ini na nyongo, maana likikatwa mawe ya nyongo yanakuja kirahisi, na mlango uliobaki bila neva na mishipa yake midogo ya damu unaweza kugoma kufunguka, unashiba kwa vijiko vitatu. Hapo ndo roboti inasaidia kweli, kwenye kuchambua vitu vyembamba kama uzi. Muulize daktari mwenyewe ameshafanya wangapi kwa njia hiyo, usione aibu.

Ila saratani ikishaenda mbali usilazimishe kubakiziwa, kutoa yote iliyoharibika kunatangulia.

Baada ya hapo kula kidogo mara 6 kwa siku, nusu kikombe cha uji usio na sukari nyingi, tafuna polepole, maji kunywa mbali na chakula. Ukitolewa mfuko wote, sindano za vitamini B12 ni za maisha. Mama mdogo sasa anakula yai na ndizi ya kuchemsha kwanza, chai anaisubirisha nusu saa, na mkeka umerudi kuwa wa kusalia.