Namna ya kupanga uzalishaji wa mwezi katika kiwanda cha saruji

Mpangaji mpya wa uzalishaji hupenda kuanza na maagizo ya idara ya mauzo: huyajumlisha, huyagawa kwa siku za mwezi, kisha huwatumia wasimamizi wa zamu. Katika kiwanda cha saruji huko ni kuanzia mkiani, kwa sababu kasi ya kiwanda kizima huamuliwa na tanuri. Humo malighafi huchomwa hadi kufikia nyuzijoto 1,450 hivi na kuwa klinka, yaani vinundu vigumu ambavyo husagwa kuwa saruji, na tanuri likishazimwa halikurupushwi, kwani joto lisipopandishwa polepole, kwa muda wa siku nzima au zaidi, matofali ya ndani hupasuka. Ndiyo maana kazi ya fundi ya saa nne inaweza kula siku mbili za uzalishaji.

Basi anza kwa kuhesabu siku za tanuri. Tuchukulie tanuri lenye uwezo wa tani 2,000 za klinka kwa siku, katika mwezi wa siku 30 wenye siku 4 za matengenezo. Usiandike tani 2,000 kwa siku. Angalia kumbukumbu za miezi iliyopita, na kama zinaonyesha asilimia 90 ya uwezo huo, andika 1,800 hata kama wakubwa watakunja uso. Siku 26 zitakupa tani 46,800. Ikiwa saruji yenu ina asilimia 72 ya klinka, na sehemu iliyobaki ni jasi, pozolana (majivu ya volkano) na mawe ya chokaa, utapata tani 65,000 za saruji, yaani mifuko 1,300,000 ya kilo 50. Maagizo yakizidi hapo, zungumza na watu wa mauzo mapema, kabla hawajawaahidi mawakala.

Hesabu hiyo ina jambo la pili ambalo wengi hulipita. Vinu vya kusagia vitakula wastani wa tani 1,560 za klinka kila siku (46,800 kwa siku 30), ilhali tanuri linatoa 1,800; ziada ni tani 240 tu kwa siku. Matengenezo yakiwekwa mwishoni mwa mwezi, ziada ya siku 26 itafika tani 6,240, ambazo zinatosha kusaga kwa siku 4 bila kubaki hata moja. Yakiwekwa mwanzoni, tani hizo lazima ziwe ghalani tangu mwezi uliopita.

Na ziwe zinachukulika. Mwaka wangu wa kwanza kazini niliamini kompyuta iliyosema tuna tani 8,000, tukazima tanuri tukiwa na amani, na siku ya tatu kinu kikanyamaza. Nilipopanda ngazi za ghala nikaona klinka tele imeegemea kuta kama kichuguu, huku katikati, juu ya mlango wa kutolea, pakiwa na shimo tupu. Karibu nusu ya akiba yetu haikuweza kushuka bila tingatinga. Tangu siku hiyo, kabla ya kila matengenezo huvaa kofia ngumu nikaenda kuangalia mwenyewe.

Kuhusu malighafi, kumbuka kwamba tani moja ya klinka huhitaji takriban tani moja na nusu ya mawe ya chokaa na udongo, kwa kuwa sehemu ya chokaa hutoka kama hewa ya kaboni. Machimbo yakiwa jirani, hilo halisumbui sana. Kinachosumbua ni vinavyosafiri: jasi ya Makanya au Kilwa, na makaa ya mawe ya Ruvuma kwa viwanda visivyopata gesi asilia. Akiba ya vitu hivi ipimwe kwa siku za matumizi, na iongezwe kabla ya masika, barabara za machimboni zingali kavu. Masika hayo hayo, kati ya Machi na Mei, ndiyo wakati mzuri wa matengenezo makubwa, maana ujenzi hupungua. Baada ya mavuno, wakulima wakishauza mazao na kuanza kujenga, kuzima tanuri kwa hiari ni kujitafutia ugomvi.

Kwenye vinu, usibadilishe daraja la saruji, yaani kiwango cha nguvu zake, mara kwa mara. Ukitoka 32.5 kwenda 42.5, saruji ya mwanzo huwa mchanganyiko usiofaa kuuzwa kama 42.5, kwa hiyo panga vipindi virefu vya daraja moja, na mpango wa siku 3 zijazo usiguswe ila kwa idhini ya meneja wa kiwanda. Hakikisha pia mifuko mitupu ya kila daraja ipo. Ni aibu kuwa na saruji tele huku malori yakipanga foleni getini kwa kukosa mifuko.

Tanuri likizimika ghafla, labda kwa sababu tofali limeanguka na ganda la chuma limeanza kuwa jekundu, usingoje mafundi wakupe saa ya kuwasha, kwa sababu saa hiyo itabadilika mara kadhaa. Gawanya klinka inayochukulika kwa matumizi ya vinu ya siku moja, kisha wapelekee mauzo idadi ya siku zilizobaki kabla ya saa sita mchana, ili waamue ni wakala gani atangulie kupakia.