Tunza maswali, si karatasi: benki ya mitihani bila kununua programu

Walimu wengi huhifadhi mitihani mizima: "Jaribio la Machi", "Muhula wa pili". Mwaka ukizunguka, kupata swali moja zuri humo ndani ni kazi ya usiku mzima. Hifadhi maswali moja moja. Mimi natumia LibreOffice, mkusanyiko wa programu za ofisi. Ni ya bure, na ukishaiweka kwenye kompyuta haidai intaneti.

Hatua ya 1. Fungua Calc, programu yake ya majedwali, utengeneze safu hizi: darasa, mada, ugumu, swali, A, B, C, D, jibu, lilipotumika, waliopata, chaguo la waliokosa. Kila swali likae kwenye mstari wake. Usiunganishe seli wala kuacha mistari mitupu katikati, maana utashindwa kuchuja vizuri.

Hatua ya 2. Ukitaka jaribio, nenda menyu ya Data, washa AutoFilter (kichujio), chagua darasa na mada. Yaliyotumika karibuni yaondoe. Nakili yaliyobaki kwenye ukurasa mpya wa Calc.

Hatua ya 3. Katika ukurasa huo ongeza safu yenye =RAND(), inayotoa namba za bahati nasibu, kisha panga mistari kwa kuifuata safu hiyo. Maswali yatachanganyika. Rudia, upate toleo la pili. Darasa likiwa na wanafunzi watatu kwenye dawati moja, matoleo mawili husaidia kuliko kuzunguka na fimbo. Nakili swali na machaguo, ubandike kwenye Writer, programu ya kuandikia ya LibreOffice, kama maandishi matupu. Fungua Find & Replace, washa "Regular expressions", badilisha \t (alama ya tab) kuwa \n (mstari mpya): kila chaguo litashuka mstari wake. Malizia namba na herufi, kisha durufu.

Hatua ya 4. Hii ndiyo inayorukwa, na ndiyo yenye faida kubwa. Ukishasahihisha, jaza wangapi wamepata kila swali, na waliokosa wamekimbilia chaguo lipi. Tuseme umeuliza ziwa lenye kina kirefu kuliko yote Afrika, nusu ya darasa ikajibu Victoria. Hapo swali halina kosa. Wanafunzi wanachanganya ukubwa na kina, na somo linahitaji kurudiwa. Lakini wanafunzi wako bora wakikosa huku wa chini wakipata, soma swali upya: huenda lina utata, au jibu uliloandika si sahihi.

Hatua ya 5. Shule ikiwa na Moodle, mfumo wa kufundishia kwa kompyuta, nao wa bure, hamishia maswali yako huko kwa mtindo wa Aiken. Ni faili la maandishi matupu, lenye usimbaji wa herufi wa UTF-8, hivi:

Ziwa lenye kina kirefu kuliko yote Afrika ni lipi?
A. Victoria
B. Tanganyika
C. Nyasa
D. Turkana
ANSWER: B

Swali lisivuke mstari mmoja, na neno ANSWER liwe kwa herufi kubwa. Vinginevyo Moodle italikataa. Wenye intaneti bila Moodle watumie Google Forms, ambayo ina kitufe cha kuingiza maswali kutoka fomu zako za zamani.

Nakala ya benki iwe kwenye flashi, na nyingine kwa mwalimu mwenzako wa somo hilohilo. Naye aongeze yake.