Unakuja Dar kula bata? Anza na pa kulala

Watu wa mikoani wakinipigia kuniuliza hoteli nzuri Dar, na mimi huwauliza: saa tisa usiku mtakuwa wapi? Wengi hucheka, wanadhani natania. Lakini nimekaa mapokezi zamu ya usiku kwenye lodji moja ya Sinza, na nakuhakikishia mgeni aliyekuja mjini kula bata hatumii hoteli kama mgeni wa semina. Bwawa la kuogelea halioni, televisheni haiwashi, chai ya asubuhi inampita amelala. Anachotaka ni njia fupi ya kurudi, geti linalofunguliwa, na kuachwa alale mpaka jua liwe kali. Vingine vyote vinaongeza bei tu.

Kwa hiyo panga safari kinyumenyume. Jua kwanza utakesha wapi, halafu ndipo utafute chumba.

Usiku wa Dar hauko sehemu moja. Masaki na Oyster Bay ndiko kwenye klabu za kiingilio, madijei na baa za upepo wa bahari. Huko mtu huenda amependeza, na bili nayo inapendeza. Sinza, Kijitonyama na Mwenge ni nyama choma, bendi, viti nje na watu wa kila aina, na ukichoka baa moja unahamia nyingine kwa miguu. Kinondoni na Magomeni ni za wapenzi wa dansi na taarabu wa tangu zamani. Kama unataka kuwasikia Msondo Ngoma, walioanza 1964 wakiitwa NUTA Jazz, au Sikinde, usibahatishe. Siku na kumbi za mabendi hubadilika, kwa hiyo piga simu ukumbini wiki hiyohiyo unayokuja.

Posta wengi wanaikimbilia kwa sababu ndiyo Dar ya kwenye picha. Enzi za Bilicanas ungekuwa na hoja, lakini klabu ile ilifungwa 2016, na siku hizi usiku mitaa mingi ya kati ni ya walinzi na mbwa. Ila Posta na Upanga zina faida moja ambayo watu hawaihesabu: Daraja la Tanzanite. Tangu lifunguliwe 2022, kutoka upande wa Aga Khan unavuka juu ya maji na kutokea Oyster Bay, na usiku hakuna foleni. Mtu anayetaka kwenda Masaki bila kulipa bei za hoteli za Masaki anaweza kulala Upanga vizuri kabisa.

Kariakoo? Vyumba viko tele, lakini kabla hata jua halijachomoza mikokoteni na malori yameshaanza kelele, yaani ndio kwanza umefunga macho. Zipo pia lodji za huko zisizotaka pombe, wala kuingiza mwenzako wa jinsia nyingine ambaye si mke au mume. Mimi sioni ubaya, nyumba ni yake. Uliza tu mapema. Kama umekuja kufuata mzigo na bata kwa pamoja, lala Kariakoo siku za kununua, kisha Ijumaa hamisha begi.

Kosa linalonisikitisha zaidi ni la wanaoshuka stendi ya Magufuli, Mbezi Luis, wamechoka na basi, wakachukua chumba cha kwanza walichokiona. Kwa usiku mmoja wa kunyoosha mgongo sawa. Lakini ukikaa kule na starehe zako ziko Masaki, kila usiku unaununua mji mzima kwa nauli. Kigamboni nayo ni nzuri mchana, ufukweni na familia. Kwa mtu wa kukesha ng'ambo hii, habari ya kusubiri kivuko au kuzungukia darajani, umelewa na una usingizi, mimi siipendekezi.

Simu ya saa sita usiku

Picha za mtandaoni hupigwa mchana, kitanda kimetandikwa na taulo limekunjwa umbo la bata maji. Hazikuonyeshi usiku pakoje. Kwa hiyo piga simu lodji saa sita usiku. Isipopokelewa, umeshapata jibu: ukirudi saa kumi alfajiri ukiwa nje ya geti, ndivyo simu yako itakavyoita. Ikipokelewa, uliza hivi: "Dada, samahani kwa usiku. Nikirudi saa kumi alfajiri, geti nafunguliwa na nani?" Mtu anayejua kazi yake atakwambia mlinzi yupo, gonga au piga namba hii, na mapokezi kuna mtu. Akikujibu "utawahi tu, usijali," tafuta kwingine. Kuna nyumba geti linafungwa kwa mnyororo saa sita, na mlinzi ana redio yake na blanketi.

La pili ni saa ya kutoka, na hapa nitakaa kidogo kwa sababu ndipo wageni wengi hugombana na mapokezi. Gesti na lodji nyingi za Dar zinataka chumba saa nne asubuhi. Kwa mtu aliyelala saa kumi na moja, hiyo saa nne ni mateso: mlango unagongwa, mhudumu ana ndoo na fagio, wewe hata hujui uko mkoa gani. Ukiuliza kwa nini haraka, utaambiwa usafi. Usafi upo, ila kuna na hesabu. Nyumba nyingi zina bei mbili, ya kulala na ya kupumzika. Kupumzika ni saa chache za mchana, na chumba kimoja kinaweza kuuzwa mara kadhaa kabla ya jioni. Wewe unayekoroma mpaka saa nane umekalia biashara.

Kwa hiyo angalia ukutani mapokezi. Ukiona kibao cha bei mbili, jua mambo mawili: kuongezewa muda kutakuwa kwa mbinde, hasa Jumamosi, na korido haitatulia mchana, milango itakuwa inafunguliwa na kufungwa. Tafuta nyumba isiyouza kupumzika, hata ikiwa imezidi bei kidogo. Na popote utakapokuwa, omba muda kabla hujalipa, si asubuhi ukiwa na taulo mlangoni. "Nataka nitoke saa nane mchana, naongeza shilingi ngapi?" Katikati ya wiki mara nyingi utaongezewa bure au kwa hela kidogo. Mwambie akuandikie kwenye risiti, kwa sababu wa zamu ya asubuhi si yule mliyeongea naye.

Hapohapo punguza chai. Bei nyingi zimejumuisha kifungua kinywa kinachoondolewa saa nne. Ukisema tangu mwanzo kwamba hutakunywa, wapo wanaopunguza. Hutalala njaa: Sinza yote asubuhi inanuka supu, ya kongoro, ya utumbo, ya kuku wa kienyeji, na chapati. Wanaozimua utawakuta hukohuko, sitaki kuwahukumu.

Kwa bei, Sinza chumba self chenye AC unakipata kati ya shilingi 30,000 na 60,000 bila kuhangaika sana. Masaki ni hesabu nyingine kabisa. Hoteli ikikutajia dola, mwambie akupe kwa shilingi. Kanuni zilizotoka Machi 2025 zimekataza kutangaza na kutoza bei kwa fedha za kigeni ndani ya nchi.

Ukifika, kagua kabla hujatoa hela

Omba kuona chumba chenyewe, si kinachofanana nacho. Fungua bomba. Washa AC uisubiri ipulize baridi, maana Dar ya Desemba mpaka Machi feni inakuzungushia joto tu. Kisha uliza swali ambalo wageni hawaulizi: umeme ukikatika, jenereta inabeba AC au taa tu? Sehemu nyingi ni taa tu, na ni haki yako kujua.

Kelele zinataka jicho. Mchana baa ya chini imetulia, husikii kitu, lakini spika zilizofunikwa turubai utaziona. Ukiziona, omba chumba cha nyuma, ghorofa ya juu. Baraza la mazingira, NEMC, lina kanuni za kelele tangu 2015 na limeshazifungia baa jijini, lakini usiitegemee NEMC ikulaze. Angalia pia kama dirisha limetazamana na kanisa la wokovu. Jumapili asubuhi, baada ya Jumamosi ndefu, hakuna adhabu inayozidi hiyo.

Kitabu cha wageni kijaze kweli: jina, kabila, utokako, uendako, namba ya kitambulisho na ya simu. Najua wanaume wengi huandika jina la uongo na namba isiyoita. Siku ukianguka bafuni, au umepotea, mimi wa mapokezi nampigia nani? Uliza na utaratibu wa mgeni wako. Nyumba nzuri humwandikisha anayeingia na wewe usiku, huchukua kitambulisho chake na kumrudishia akitoka, na haimruhusu kuondoka peke yake kabla hujapigiwa simu chumbani ukaitikia. Wageni hukasirika, wanaona wanachunguzwa. Ila mtu anayeondoka alfajiri na simu mbili na laptopu ya mwenzake hupenda sana nyumba zisizo na utaratibu huo.

Ukiwa mwanamke na umekuja mwenyewe au na mashoga zako, ongeza mawili. Usikubali namba ya chumba chako itajwe kwa sauti mapokezi, na komeo la ndani lijaribu kwa mkono wako. Kitasa peke yake hakitoshi, funguo za akiba zipo.

Huduma za usiku

Kabla hujatoka, muulize wa mapokezi dereva wao ni nani. Kila lodji ina dereva wa teksi au bajaji inayemfahamu, anajua geti, anajua mlinzi, na akikuchezea anapoteza kijiwe. Bolt na inDrive zipo na nyingi, lakini usiku dereva atakupigia akuulize unakwenda wapi, unalipa keshi, kisha akuombe ufute safari mwelewane pembeni. Kataa, itisha mwingine. Linganisha namba za gari na zilizo kwenye simu kabla ya kufungua mlango, na usimsubirie gizani. Simama kituo cha mafuta au mlangoni kwenye mabaunsa. Simu usiitoe ukiwa pembezoni mwa barabara. Vishandu, yaani waporaji wa barabarani, wanapita na pikipiki na hawaombi. Mwendokasi haukeshi, usiuweke kwenye hesabu za kurudi. Bodaboda baada ya bia, hapana, hata kama lodji ni pale tu.

Baa nzuri kwa mgeni utaijua kwa mhudumu. Anakuja na chupa imefungwa, anaifungulia mezani mbele yako. Ikija wazi, irudishe kwa upole, watu wanawekewa dawa. Chupa tupu zibaki mezani mpaka bili ifike, ndizo ushahidi wako, na anayeharakisha kuziondoa ana hesabu zake. Shika mhudumu mmoja, muulize jina, lipia kila raundi inapofika. Kulipa kwa lipa namba ni salama kuliko kutoa bunda la noti, ila angalia jina linalotokea kabla ya kuweka namba ya siri: ni la baa, au la mtu? Weka na keshi ya nauli mfuko wa peke yake, maana mtandao ukigoma saa nane usiku wakala wengi wameshafunga. Namba ya dharura ya polisi ni 112.

Tarehe nazo zina maana. Mwisho wa mwezi kila mahali pamejaa na bei haipungui. Wiki ya vunja jungu watu wanakunywa kama dunia inafungwa, halafu Ramadhani mji unapoa, kumbi nyingi za muziki zinapumzika, na huo ndio wakati wa kupata chumba kwa bei ya kuelewana. Idi Mosi na Idi Pili taarabu na mabendi yanarudi kwa kishindo, basi shika chumba mapema. Siku ya Simba na Yanga Uwanja wa Mkapa, kama hujaweka chumba usije na matumaini. Tuma na nusu ya malipo, kwa sababu chumba kilichoahidiwa kwa mdomo siku ya dabi anapewa aliyefika na hela.

Na tiketi ya kurudi. Usikate basi la saa kumi na mbili asubuhi ya Jumapili. Hutaliwahi, au utaliwahi na kutapika mpaka Chalinze. Wa Morogoro na Dodoma wana treni ya SGR tangu 2024, inaondokea Stesheni katikati ya mji, chagua ya mchana au jioni. Wa mbali, mabasi yameruhusiwa tena kutembea usiku tangu 2023, kwa hiyo unaweza kulala mpaka saa nane uliyoiombea, ukala, ukaenda Mbezi taratibu. Begi liache mapokezi, mwambie aliandike jina.