Namna ya Kufuatilia Mtazamo wa Jamii Kupitia Neno Moja

Anayetaka kuona jinsi lugha inavyobeba mitazamo ya jamii na kuigeuza, na achague neno moja linalowataja watu, kisha alikusanyie mifano kutoka magazeti, sheria, hotuba na mazungumzo ya vipindi mbalimbali, akiandika mwaka na msemaji wa kila mfano.

Kiswahili chenyewe kinatosha kuwa mfano. Mtu mwenye kasoro ya viungo aliitwa kilema. Baadaye likaenea mlemavu, na leo nyaraka rasmi husema mtu mwenye ulemavu. Kiambishi ki- kimeachwa, kisha mtu akatangulizwa na hali yake ikafuata nyuma. Wapo wanaosema kuwa ki- ni cha vitu na kwa hiyo ni cha dharau, lakini kiongozi na kijana nao wanacho na wanaheshimiwa. Usihukumu kwa kiambishi peke yake. Soma sentensi nzima, uone kama anayetajwa anaombewa msaada au anadai haki, ajira na kura.

Kisha uliza ni nani aliyetaka badiliko hilo. Hatua hii hurukwa mara nyingi, nayo kwa maoni yangu ndiyo muhimu kuliko zote. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu wenye Ulemavu, uliopitishwa mwaka 2006, uliandaliwa kwa ushiriki wa mashirika ya watu wenye ulemavu wenyewe. Hata hivyo, chama cha viziwi nchini Tanzania kinaitwa Chama cha Viziwi Tanzania, bila kutanguliza “watu wenye”, na jina hilo halipaswi kusahihishwa na mtu wa nje kwa kisingizio cha adabu.

Chunguza pia kama neno jipya limeanza kuchakaa. Mwaka 2010 Marekani iliondoa katika sheria zake kadhaa za shirikisho istilahi ya Kiingereza “mental retardation” (udumavu wa akili), ambayo hapo awali ilikuwa imechukua nafasi ya maneno makali zaidi, kwa sababu nayo ilikuwa imegeuka tusi. Dharau isipoondoka, hulihamia neno jipya.

Mwisho, panga miaka ya neno sambamba na miaka ya sheria, shule na ajira. Neno likitangulia, tafuta waliolitumia kudai mabadiliko. Likichelewa, tafuta mabadiliko yaliyolilazimisha.