Namna ya Kusoma Utafiti Uliofanywa kwa Uigaji wa Kompyuta

Mwanafunzi wa uzamili katika Chuo Kikuu cha Maseno, au afisa wa afya wa Kaunti ya Siaya, akisoma ripoti kuhusu malaria siku hizi huenda akakuta takwimu nyingi ambazo hakuna mtu aliyezipima: zimetolewa na programu ya kompyuta inayoiga mbu, watu na mvua. Uigaji wa namna hii si nadharia tupu wala si jaribio la maabara, na kwa hiyo desturi zetu za zamani za kupima ushahidi hazitoshi. Hatua zifuatazo zinamfaa msomaji asiye mtaalamu wa kompyuta ambaye hata hivyo atalazimika kufanya uamuzi kutokana na ripoti hiyo.

Anza kwa kutenganisha kilichopimwa na kilichokokotolewa. Pitia majedwali na michoro yote ukiwa na kalamu, ukitia alama kila takwimu. Idadi ya mbu walionaswa ndani ya nyumba ni kipimo. Idadi ya mara ambazo mtoto angeumwa kwa mwaka iwapo nusu ya kijiji ingekuwa na vyandarua ni hesabu. Ripoti nyingi huzichanganya hizo mbili katika sentensi moja, na ukishindwa kabisa kuzitenganisha, kasoro ni ya ripoti, si yako.

Kisha tafuta dhana zilizofungiwa ndani ya programu. Hapa ndipo penye kazi kubwa, kwa hiyo usiharakishe. Modeli za malaria, yaani milinganyo na programu zinazouiga ugonjwa huo, zina ukoo mrefu: Ronald Ross, aliyegundua vimelea vya ugonjwa huo ndani ya mbu mwaka 1897, ndiye pia aliyeanza kuuandikia milinganyo ya hisabati mwanzoni mwa karne ya 20, na tangu wakati huo kila mlinganyo umebeba uamuzi wa mtu fulani. Tuseme mwandishi wa programu ameamua kwamba chandarua humkinga yule tu anayelala ndani yake. Uamuzi huo unaonekana wa busara. Hata hivyo, utafiti mkubwa wa vyandarua vilivyotiwa dawa, uliofanywa Asembo na Gem, Siaya, katika miaka ya 1990, ulionyesha kwamba hata watu wa maboma yasiyo na vyandarua walipata kinga iwapo waliishi ndani ya takriban mita 300 kutoka maboma yenye vyandarua, kwa sababu mbu wenyewe walipungua katika eneo zima. Programu isiyojua umbali kati ya boma na boma haiwezi kuligundua jambo hilo hata ikiendeshwa mara milioni moja, na matokeo yake yatashusha thamani ya vyandarua bila mtu yeyote kudanganya. Basi, kwa kila hitimisho, uliza kama limetokana na mwingiliano wa mambo ndani ya uigaji, au liliingizwa mapema na aliyeandika programu.

Swali hilo lisikufanye udhani kwamba kompyuta hurudisha tu kile ilicholishwa. Ripoti ya mwaka 1955 ya wanasayansi Enrico Fermi, John Pasta na Stanislaw Ulam, iliyotoka Los Alamos nchini Marekani, inaeleza jinsi walivyoiga mnyororo wa chembe zilizounganishwa kwa springi wakitarajia nishati isambae sawasawa, na badala yake nishati ikarudi karibu kabisa mahali ilipoanzia. Hakuna nadharia iliyokuwa imewaandaa kwa tokeo hilo, na wanafizikia walitumia miaka mingi kulifafanua.

Angalia pia ukubwa wa miraba. Modeli nyingi za tabianchi ya dunia hugawanya uso wa dunia katika miraba yenye upana wa takriban kilomita 100, kiasi kwamba Ghuba ya Winam ya Ziwa Victoria yaweza kumezwa na mraba mmoja pamoja na nchi kavu inayoizunguka. Wavu wa matundu makubwa haunasi omena. Pepo za ziwani, zinazochangia radi za usiku juu ya maji na za alasiri juu ya nchi kavu, hazionekani vizuri mpaka miraba ipunguzwe, kama ilivyofanyika katika uigaji wa Afrika wa Idara ya Hali ya Hewa ya Uingereza uliotumia miraba ya kilomita 4.5.

Kuhusu majaribio, uliza kama modeli ilipimwa kwa data ambazo hazikutumika kuiunda. Modeli ya kina cha Ziwa Victoria iliyorekebishwa kwa vipimo vya kabla ya 2019 inapaswa kuonyesha ingesema nini kuhusu Mei 2020, maji yalipozidi kidogo rekodi ya 1964. Ikiwa vigezo, yaani namba zilizowekwa ndani ya modeli, vilibadilishwa baada ya jibu kuonekana, kulingana kwa mistari kwenye mchoro hakuthibitishi mengi. Hakikisha pia uigaji uliendeshwa mara nyingi kwa viwango tofauti vya kuanzia: mwaka 1961 mtaalamu wa hali ya hewa Edward Lorenz aliingiza 0.506 badala ya 0.506127, na hali ya hewa ya kompyuta yake ikaishia kuwa tofauti kabisa.

Mwisho, omba msimbo, yaani maandishi ya programu yenyewe. Modeli ya korona ya Chuo cha Imperial cha London, ambayo makadirio yake ya Machi 2020 yalitikisa serikali ya Uingereza, ililaumiwa kwa sababu msimbo wake ulikuwa bado haujatolewa hadharani. Ulipotolewa, wengine waliweza kuukagua na kuuendesha wenyewe. Ukiandika ripoti yako, taja toleo la programu na vigezo vyote, na waliofanya kazi uwatambue ipasavyo. Mary Tsingou, aliyeandika programu ya akina Fermi, aliambulia shukrani katika tanbihi. Aliyekuandikia msimbo, pamoja na waliokesha Asembo wakinasa mbu, wanastahili kufikiriwa kama waandishi wenza kabla hujatuma makala kwa jarida.